Vigae vya Tongoni na udongo wa mama zetu

Ukifika Tongoni leo, usitegemee kuona majumba ya Tippu Tip. Jina lenyewe linakuambia mapema. Tongo, katika Kiswahili cha wazee, ni mahali palipokuwa na nyumba, watu wakaondoka, majani yakaota. Tongoni ni mahameni. Pwani ya Tanzania, karibu na Tanga, kuna Tongoni nyingine yenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na maana ni ile ile. Hii ya kwetu ndiyo Kasongo ya zamani, ile inayotajwa katika vitabu vya karne ya 19, kabla mji haujahamia hapa tunapokaa. Mvua kubwa ikipita na maji yakikwangua njia za mashamba, kinachojitokeza si bunduki wala pembe za ndovu. Ni vigae. Vipande vya vyungu vilivyovunjika, vingine vyeusi kwa masizi, vingine vyekundu, vingine vikiwa na mistari iliyochorwa shingoni.

Msikilizaji mmoja aliwahi kutuuliza kwa nini kila redio ikizungumzia historia ya Kasongo inaanza na Tippu Tip na kuishia na Wabeleji. Aliuliza kama huyo Tippu Tip alijipikia mwenyewe. Tulicheka studioni, lakini swali ni zuri na makala haya yanajaribu kulijibu. Yanahusu udongo, na kwa sababu yanahusu udongo, yanawahusu pia ndugu zetu waliohama kutoka Kabambare na ambao leo wanaishi kwa watu.

Tuanze na yale yaliyoandikwa. David Livingstone, yule Mskoti, alifika Bambarre, yaani Kabambare yetu, mwezi wa 9 mwaka 1869. Vidonda vya miguu vilimfunga huko kwa muda mrefu. Alipopata nafuu akaendelea hadi Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, na huko alikaa miezi kadhaa mwaka 1871 akitafuta mtumbwi wa kuvuka. Kila siku ya soko alikwenda kuangalia watu. Katika shajara zake anasimulia wanawake waliokuja na mizigo mizito sana ya mihogo iliyokaushwa na vyungu vya udongo, wakavitoa kwa bei ndogo ili wapate mafuta ya mawese, samaki, chumvi, pilipili na kitoweo. Anasema walipenda kubishana bei, kutaniana na kucheka. Mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye soko letu siku ya Jumamosi anaweza kuwasikia.

Tarehe 15 Julai 1871 soko hilo hilo liligeuka mauti. Watu wa wafanyabiashara wa pwani walifyatua bunduki katikati ya watu. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, mto ukawachukua. Livingstone aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari ile ilipofika Uingereza ilisaidia kuisukuma serikali yake kumbana Sultani wa Zanzibar afunge soko la watumwa, na mwaka 1873 soko likafungwa. Haya tunafundishwa shuleni. Kitu ambacho mwalimu wangu hakukitaja ni kwamba kati ya waliozama walikuwemo wafinyanzi. Hakuna anayejua majina yao. Lakini kama waliokuja sokoni walibeba vyungu, basi waliokimbia na kuviacha mchangani walikuwa ndio waliovibeba.

Kuna jambo lingine katika habari hiyo linalohusu rangi. Katika safari hiyo Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti la zamani la Uingereza, akaligeuza, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea wa hapa ambao yeye anauandika "Zingifure". Kamusi za Kiswahili zinautaja mti huo: mzingefuri, wenye mbegu zinazotoa rangi nyekundu inayoelekea chungwa, rangi ya kutia nguo. Kwa hiyo mauaji ya Nyangwe yaliandikwa kwa rangi ya mti wa Maniema. Baada ya miaka mingi wino ulififia mpaka kurasa zikawa hazisomeki. Watafiti, wakiongozwa na Adrian Wisnicki, walizipiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali, ile ambayo jicho halioni pamoja nayo, na mwaka 2011 maandishi yakatolewa hadharani. Mimi nikisikia habari hiyo nawaza juu ya mwanamke aliyemwonyesha mgeni yule mbegu zipi zinakamuliwa na kwa kiasi gani cha maji. Bila yeye shahidi angekuwa bila kalamu.

Sasa Kasongo yenyewe. Miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliifanya kuwa kituo chake kikuu. Alipoondoka Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1890 alimwachia mwanawe Sefu. Jeshi la Leopold chini ya Francis Dhanis liliiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo. Daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi hilo, Sidney Hinde, alishangaa. Alikuta msitu umefyekwa kwa maili nyingi, miwa, mahindi, matunda, na shamba moja tu la mpunga ambalo kulivuka akiwa juu ya mnyama kulimchukua saa moja na nusu. Ndani ya nyumba askari walikuta vitanda vizuri, hariri, mishumaa, sukari.

Nikisoma hapo najiuliza kama yule msikilizaji. Shamba la saa moja na nusu linalisha watu wangapi? Na mchele wote ule ulichemka ndani ya nini? Sufuria za shaba kutoka pwani zilipita safari ya miezi juu ya mabega ya wapagazi, na kila mpagazi aliyebeba sufuria alikuwa hakubeba shanga wala kitambaa. Tajiri aliweza kuwa na sufuria mbili tatu. Waliobaki, yaani watumwa, askari, waungwana wadogo, wake za waungwana na wenyeji walionunua na kuuza, walipika kwa chungu na kuweka maji kwa mtungi. Na chungu kizito hakisafiri mbali. Kinafinyangwa karibu na mahali kinapotumika, na mtu anayejua udongo wa mahali hapo. Kwa hiyo nyuma ya mji wa Waarabu kulikuwa na mikono ya Wazula, Wakusu, Wagenya, Wabangubangu, na ya wanawake waliotekwa mbali wakaletwa hapa na ufundi wa kwao. Kiswahili chetu kilizaliwa katika mchanganyiko ule. Sioni kwa nini vyungu visichanganyike vile vile.

Si mawazo yangu peke yangu. Kikundi cha watafiti wa Kongo na Ubeleji, akiwemo Noemie Arazi na Alexandre Livingstone Smith wa makumbusho ya Tervuren, kimefanya kazi Maniema kutafuta alama za wakati ule ardhini na kukusanya kumbukumbu za wazee. Mwaka 2020 walichapisha habari ya kazi hiyo katika jarida la Antiquity. Huyu wa pili kazi yake kubwa ni vyungu: jinsi vinavyojengwa, jinsi ufundi unavyopita kutoka mama hadi binti, na jinsi kigae kinavyoweza kuonyesha hilo baada ya miaka mia.

Kigae kinaonyeshaje? Kwanza, ndani yake. Mfinyanzi huchanganya udongo na kitu cha kuuzuia usipasuke motoni, mchanga au vigae vya zamani vilivyosagwa, na ukikivunja unakiona. Pili, namna kilivyojengwa. Ukijenga kwa kuzungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine, mahali pa maungio panabaki dhaifu, na chungu kikivunjika mara nyingi hufuata mstari huo. Tatu, mapambo. Kuna wanaobingirisha kamba iliyosokotwa, kuna wanaobingirisha gunzi la muhindi, kuna wanaokata mistari kwa kijiti. Mama anaweza kubadilisha mapambo akiona jirani ana mtindo unaouzwa. Lakini namna ya kujenga, ile aliyojifunza akiwa mtoto kwa mikono, ni vigumu kuibadilisha. Kwa hiyo mtu aliyetekwa Manyema ya mbali akaletwa Kasongo, hata akikatazwa lugha yake, anaweza kuwa aliacha jina lake ndani ya ukuta wa chungu.

Ukienda juu ya mto utaona jinsi jambo hili linavyoweza kurudi nyuma sana. Lualaba hii inayopita kwetu imeshapita kwanza katika maziwa ya Upemba, kule Katanga. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, uchimbaji ulianza 1957 na 1958, na Pierre de Maret akauendeleza miaka ya 1970. Walikuta makaburi ya watu walioishi hapo kuanzia karne ya 8 hadi ya 13, wavuvi na mafundi wa shaba, waliozikwa na vyungu vingi. Vyungu vizuri, vingine na mdomo wa kumiminia. Makaburi ya watoto yalikuwa na vyungu vidogo na ya wakubwa vyungu vikubwa, maana vilitengenezwa kwa ajili ya marehemu huyo huyo. Miaka elfu moja iliyopita, mama fulani kwenye mto huu huu alikaa akafinyanga chungu cha kipimo cha mtoto aliyekufa. Mtu asiniambie tena kwamba historia ya mkoa huu ilianza siku msafara wa kwanza ulipofika.

Nimekwenda kwa koko mmoja, mfinyanzi wa kijiji kilicho kando ya barabara ya Kabambare, anieleze kazi yenyewe. Jina lake ameomba nisilitaje, na sababu utaiona mbele. Udongo anauchimba bondeni, wakati wa kiangazi maji yakipungua. Juu kuna udongo mweusi wa majani yaliyooza, huo unatupwa. Chini yake kuna wa kijivu unaonata, ndio wenyewe. Akitaka kujua kama unafaa, anaviringisha kipande kama kidole na kukikunja. Kikipasuka, anahama hatua chache. Wakati mwingine anauweka kidogo ulimini. Udongo mzuri, anasema, hausagi meno.

Nyumbani unaanikwa, unapondwa, unachambuliwa mawe na mizizi, unalowekwa. Halafu anausaga na vigae. Hapo nilimwuliza, vigae vya wapi? Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji yanatoka wapi. Vya vyungu vya mama yake, vya mama mkwe wake, na vingine anaviokota shambani akilima, hajui ni vya nani. Kwa hiyo chungu cha leo kina chembe za vyungu vya zamani ndani yake. Watafiti wa vyungu wanaliandika jambo hili kwa maneno marefu. Koko aliliweka kwa sentensi moja, kwamba udongo mbichi unahitaji mzee wa kuushika.

Gurudumu hakuna. Anaanza na bonge, analitoboa kwa ngumi, kisha anaongeza kamba juu yake akizunguka mwenyewe, amejikunja, anarudi kinyumenyume. Chungu kimekaa, mtu ndiye anayezunguka. Anakwangua kwa kipande cha kibuyu na kulainisha kwa jiwe la mtoni ambalo alirithi. Mapambo anayaweka shingoni kwa gunzi. Baada ya hapo kinakaa kivulini siku nyingi, maana chungu chenye maji ndani kikiguswa na moto kinalia paa na kazi yote imekwisha. Kuchoma ni juu ya ardhi tu, kuni na magome na majani makavu, asubuhi pasipo na upepo. Vikiwa bado vina joto kali anavinyunyizia maji ya magome yaliyochemshwa. Hayo yanaziba matundu madogo na kukipa chungu wekundu wake wa kung'aa.

Chungu kimoja anauza kwa bei isiyofika hata nusu ya sufuria ya aluminiamu. Na wanunuzi ni wachache. Reli ya kutoka Kindu kwenda Kongolo ilipoanza mwanzoni mwa karne ya 20 ilileta mabeseni ya chuma ya kupakwa rangi, halafu ikaja aluminiamu, halafu bidoni za plastiki. Bidoni ndiyo iliyoua mtungi, maana mtoto akiiangusha haivunjiki. Siwezi kumlaumu mama yeyote anayebeba maji kilomita mbili. Kilichobaki ni chungu cha maji ya kunywa, kwa sababu kinapoza, chungu cha dawa, na chungu cha sombe kwa wale wanaosema ladha si ile ile. Mimi ni mmoja wao.

Sasa sababu ya koko kutotaka jina. Miaka hii ya vita kule Salamabila na vijiji vingine vya Kabambare, familia nyingi zilikuja upande wetu. Katika kijiji cha koko alifika mama mmoja na watoto wake wanne. Kwao alikuwa mfinyanzi. Hakubeba chungu hata kimoja, nani anakimbia na chungu? Alibeba jiwe lake la kulainishia, ndani ya kitambaa, pamoja na karatasi za watoto. Baada ya kuhangaika na vibarua vya kulima mashamba ya watu, aliomba achimbe udongo bondeni.

Wenye bonde walikataa. Si kwa sababu ya udongo, udongo ni mwingi. Waliogopa. Leo anachimba, kesho anapanda mpunga hapo hapo, keshokutwa watoto wake wanasema baba yetu alizikwa hapa. Wengi wanaosikiliza redio yetu wanaijua hofu hiyo kutoka pande zote mbili. Mwenye ardhi anaona mgeni anaota mizizi. Mgeni anaona kwamba hata matope amenyimwa. Maneno yalikuwa makali na kuna kijana aliyempiga teke na kumvunjia vyungu vibichi vilivyokuwa vinakauka.

Koko ndiye aliyeingilia. Alikwenda kwa chefu wa kijiji, akakaa, akaeleza kwamba yeye mwenyewe si wa kijiji hiki. Aliolewa hapa. Alipofika akiwa msichana, udongo alioujua ulikuwa wa kwao, na ilibidi aonyeshwe huu na mama mkwe, na siku ya kwanza alitoa chungu chake cha kwanza kwa wenye bonde. Akauliza kama sheria imebadilika. Chefu aliwaita wenye bonde na mama wa Kabambare. Walikubaliana hivi: achimbe pamoja na koko, mahali pale pale koko anapochimba na si pengine, asilime, asijenge, na kila moto atakaochoma atoe chungu kimoja kwa wenye bonde. Kijana alilipa kuku. Sio kila mtu alifurahi, ndiyo maana majina hayamo humu.

Nilikuwepo mara ya kwanza wawili hao walipochoma pamoja. Vyungu vya mama wa Kabambare vilipasuka karibu vyote. Alikaa chini. "Koko, mikono yangu imesahau," alisema. Koko akajibu, "Mikono haijasahau, mwanangu. Udongo huu ndio haujakujua." Kisha akamweleza jambo la kawaida kabisa: udongo wa hapa una mchanga mchache kuliko wa kwao, kwa hiyo unahitaji vigae zaidi, na ukauke polepole. Mara ya pili vilitoka. Ukiviweka pamoja utavitofautisha. Vya koko vina shingo fupi. Vya mama vina mdomo uliopanuka nje, kama vya kwao. Baada ya miaka mia mtu akichimba kijiji hiki ataona aina mbili za vigae katika tabaka moja, na kama ana akili atajua kwamba wageni walifika mwaka fulani na kwamba walipokelewa, kwa sababu udongo ni mmoja.

Nije kwenye rangi za ukutani, maana wengi hawazihesabu kuwa sanaa. Ukipita vijiji vyetu mwisho wa mvua utaona mama anasiriba nyumba upya. Sehemu ya chini anaipaka rangi nyeusi au nyekundu ili matope ya mvua yasionekane, juu anaipaka nyeupe ya udongo wa pembe, na mara nyingine anaweka maua, ndege au mistari kwa vidole. Nyekundu ni udongo wa barabarani uliochujwa. Nyeusi ni mkaa uliosagwa. Kazi hiyo inadumu hadi mvua nyingine.

Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa uchoraji wa kisasa wa Kongo, na ilikuwa kwenye mto wetu. Mwaka 1926, huko Bukama, juu ya Lualaba, afisa Mbeleji Georges Thiry aliona nyumba zilizochorwa na Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry alijua mvua itazifuta. Akampa karatasi na rangi za maji. Mke wake, Antoinette Lubaki, naye alichora. Michoro ilionyeshwa Brussels mwaka 1929. Mwaka 2015, Paris ilipofanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo katika Fondation Cartier, waliyahesabu kuanzia 1926, mwaka wa karatasi hizo. Ni vizuri kwa Lubaki. Lakini karatasi ndiyo iliyoanza 1926. Kuta zilianza zamani.

Baadaye, Elisabethville mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji. Hakutaka waige michoro ya Ulaya, bali wachore wanachokijua. Pili Pili Mulongoy alichora samaki, ndege na mamba, ukurasa mzima umejaa kama maji ya kiangazi yaliyojaa viumbe. Na miaka ya 1973 na 1974, mji huo ukiitwa Lubumbashi tayari, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yote ya nchi kwa picha zaidi ya mia moja na kuzieleza kwa Kiswahili kwa profesa Johannes Fabian. Waarabu na utumwa wamo, Wabeleji wamo, Lumumba yumo. Fabian alitambua kwamba watu walionunua picha kama hizo kuzitundika ukumbini walizipima kwa neno moja: ukumbusho. Je, inakumbusha? Picha ya kijiji chenye mitende, mto na moshi wa jioni ilinunuliwa na watu wa mgodini ambao hawakuwa wamerudi kwao kwa miaka mingi.

Nawaza hilo ninapoingia katika nyumba za kupanga za waliohama, hapa Kasongo, na kuona mkaa ukutani. Mtoto amechora nyumba, mti wa maembe, njia. Mwenye nyumba anakasirika na kuwaambia wafute. Ningependa kuwaomba wenye nyumba wasubiri hadi msimu wa kusiriba.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Kule Namoya dhahabu inatafutwa tangu wakati wa Wabeleji, na kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Pembeni ya mgodi mkubwa kuna maelfu ya vijana wenye sululu na karai. Dhahabu ya mtoni inakaa chini ya tabaka la udongo, kwenye kokoto. Ili uifikie unaondoa udongo wote juu yake na kuuosha uende na maji. Udongo huo unaotupwa ndio wa mfinyanzi. Pamoja nao vinakwenda vigae, na pengine makaburi. Simwambii kijana mwenye njaa aache dhahabu kwa ajili ya kigae. Ila mama wa Kabambare alinieleza kwamba hata amani ikirudi kesho, bonde alilochimba mama yake halipo tena. Limekuwa shimo la maji ya njano.

Alilitaja jina la bonde hilo mara tatu ili nilisikie vizuri. Mahali pa kuchimba udongo kwetu pana majina, na majina hayo hayamo katika ramani yoyote ya serikali. Tumeanza kuyakusanya kwenye redio, kijiji kwa kijiji, pamoja na jina la mto ulio karibu na rangi ya udongo wenyewe, wa kijivu, mweusi au mweupe. Familia za Kabambare zilizoko Kasongo, zile zilizokwenda Kindu, na zilizovuka hadi Kongolo, mtu yeyote ambaye mama yake, koko yake au shangazi yake alikuwa mfinyanzi, na apite studioni au atume ujumbe wa sauti. Na anayejenga akikuta vigae vingi pamoja katika msingi wake, kabla ya kuvimwaga barabarani kuziba mashimo, atuite kwanza tuvipige picha. Koko ameomba vitakavyobaki apelekewe yeye, anavihitaji kwa moto wa mwezi ujao.